Betri ya Lori, Mama Mkwe na Mlima wa Newala

Mmenisumbua vya kutosha. Kila anayepita kwenye meza yangu ya viatu hapa sokoni Masasi ananiuliza kama nilikwenda Mnyambe au nilikwenda Dodoma, maana watu huenda na kurudi siku hiyo hiyo, na mimi niliondoka Ijumaa nikaonekana Jumapili, tena na betri iliyofungwa kwenye kiroba. Basi naandika yote mara moja. Msome, mnyamaze.

Kabla ya safari yenyewe lazima mumjue Baba Sauda. Yeye na mimi ni wanyumba, tumeoa ndugu. Mimi nimemuoa Somoe, mkubwa, ambaye nyinyi mnamwita Mama Rehema. Yeye amemuoa Zainabu, mdogo wake, na wanakaa Newala mjini. Mimi ndiye mkwe wa kwanza. Lile tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua pale kwa mama mkwe, Mnyambe, nililichimba mimi kwa mikono yangu, kiangazi kizima, wakati Baba Sauda hajui hata njia ya kufika pale.

Sasa Idi iliyopita huyu bwana akaja Mnyambe na gari lake kubwa jeupe. Akafungua mlango wa nyuma, na ndani mna friji. Friji ndani ya gari! Akatueleza, bila kuulizwa na mtu, kwamba amelifungia gari betri ya pili: unazima injini, friji inaendelea, muziki unaendelea, taa zinawaka uwanja mzima, na betri ya kuwashia gari haiguswi. Kisha akatoa chupa ya juisi inayotoka jasho kwa ubaridi, Zainabu akampelekea mama yake barazani. Mama mkwe akaiweka shavuni, akacheka. Akacheka kwa sauti, mimi nikiwa pale pale nimesimama karibu na tangi langu.

Mimi ni mkwe wa yule mama tangu Rehema hajazaliwa, na sasa Rehema ana mtoto. Sijawahi kumchekesha. Niliona wivu mpaka chakula cha Idi kikanishinda. Mama Rehema aliponiuliza nina nini nikasema tumbo.

Msije mkaniambia ningemchekesha kwa maneno. Nyinyi siku hizi mnakaa na mama wakwe zenu sebuleni mnaangalia tamthilia pamoja. Mama mkwe wangu ni wa zamani. Mkwe wa kiume hamtazami usoni, hali naye, hakai karibu naye, na hasemezani naye. Shikamoo naitoa kwa mbali nimeinama, na marahaba yake inakuja imeelekezwa ukutani. Yaliyobaki yote hupitia kwa binti yake: mwambie mumeo hivi, mwambie mama vile. Hata tukiwa chumba kimoja na tunasikiana vizuri.

Mwaka huu mama alitolewa mtoto wa jicho hapa Masasi, akawa kwetu mpaka akapata nafuu. Mjomba Chilumba, kaka yake, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, akaja kumchukua. Akatuambia Jumamosi kutakuwa na kikao Mnyambe. Mama asiendelee kukaa peke yake, na iamuliwe akakae kwa binti yupi, Masasi au Newala.

Nilitaka aje kwetu. Nasema wazi, nilitaka kuliko hata mke wangu alivyotaka. Na nilijua Baba Sauda atasimama kwenye kikao kile na kutaja friji.

Masasi, kwa fundi

Mama alipewa dawa ya matone ya jicho, na tuliambiwa isikae kwenye joto. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu. Nikamwambia Mama Rehema kwamba dawa ile haiwezi kusafiri bila friji, na friji haiwezi kufanya kazi bila betri ya pili.

"Tutie barafu kwenye chupa ya chai, dawa tuiweke juu," akasema. "Inatosha."

"Na Baba Sauda akiiona hiyo chupa ya chai?"

"Akiiona atafanya nini? Atakunywa?"

Nikaenda kuazima kifriji cha gari kwa jirani yangu anayeuza vinywaji, kisha nikatafuta betri. Betri ya Baba Sauda ilikuwa ya kawaida, niliiona kwa macho yangu siku ya Idi. Mimi nikataka ya lori. Nikaipata, imetumika, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na nilipoibeba kwenda kwa fundi nilitamani barabara nzima iniangalie.

Fundi umeme wangu ni Yohana, mnamfahamu, yule mwenye kibanda nyuma ya stendi. Akaipima, akakunja uso.

"Mzee, hii seli moja inaumwa."

"Itapona njiani."

Hakucheka. Akaniambia inahitajika rilei, yaani kile kidude kinachozitenganisha betri mbili gari likizimwa, ili mgonjwa asimnyonye mzima. Alikuwa nazo lakini zimemwishia, nyingine zinakuja jioni na basi la Mtwara. Nikamwambia jioni nitakuwa nimeshakunywa chai Newala, aunganishe moja kwa moja.

"Basi kila ukizima gari, chomoa kwanza huu waya mwekundu," akasema. "Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilichokuwa nasikiliza ni kitu kingine. Nikamuuliza, "Hii si ni kubwa kuliko ya gari la kifahari?"

"Ni ya lori, mzee. Ni kubwa kuliko ya gari lako pia."

Tukaifunga nyuma kabisa ya Noah yangu, sakafuni, mgongoni mwa kiti cha mwisho, kwa vipande vya mpira wa tairi. Waya tukaupitisha chini ya zulia mpaka mbele. Nikaifunika kwa kanga ya Mama Rehema. Nilitaka Baba Sauda aifunue mwenyewe.

Hapo sasa fikirieni ukaaji. Mjomba Chilumba, mtu mzima, alikaa mbele karibu na mimi. Mama Rehema alikaa kiti cha kati kwa sababu yeye ndiye mpeleka maneno. Na mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, akaenda kukaa mbali nami kadiri gari linavyoruhusu: kiti cha mwisho, pembeni, kitenge kichwani, jicho moja limefunikwa bandeji. Mgongoni mwake, chini ya kanga, ndipo ilipo betri ya lori.

Masasi mpaka Chiungutwa: chapati na mbaazi

Tuliondoka tumechelewa, kwa sababu mjomba alikumbuka watu watatu wa kuwaaga, na kila mmoja alikuwa na mzigo wa kumpelekea mtu mwingine. Mpaka tunafika Chiungutwa njaa ilikuwa imetushika, tukasimama kwenye kibanda kimoja cha mama lishe. Alikuwa na chapati na mbaazi za nazi, mbaazi zimeiva mpaka zinateleza. Kwa kuwa mama mkwe hali mbele yangu, yeye na Mama Rehema walikalia benchi la mbele, mimi nikapelekewa sahani yangu nyuma ya kibanda, nikala nimetazamana na kuku. Nikaongeza sahani. Mjomba naye akaongeza. Mama Rehema ananiambia mama naye aliongeza, na hilo mliweke akilini.

Nilikuwa nimezima gari. Waya mwekundu sikuuchomoa. Nilitaka watu waone friji inavyonguruma gari likiwa kimya, na kweli waliona, wakasogea. Yule mama lishe akadhani nauza vinywaji. Akaniletea hela mkononi.

"Nipe soda mbili, baridi sana."

"Siuzi, mama. Humu mna dawa ya jicho."

"Friji yote hiyo dawa ya jicho moja?"

"Ndiyo."

Akamtazama mama mkwe na bandeji yake, akanitazama mimi. "Basi huyo mama ana mkwe," akasema. Mama mkwe alikuwa anasikia. Nikarudi kwenye usukani kifua kimenitoka.

Gari lilipowashwa likasitasita, likakohoa, ndipo likashika. Mjomba akaniangalia. Nikamwambia limeshiba kama sisi.

Kupanda mlima

Mnaojua njia ile mnajua kwamba Newala iko juu, na ukitoka Masasi kuna mahali unamaliza tambarare unaanza kuukwea ule mwinuko wenyewe. Nilikuwa nimeshika gia ya nguvu, injini inalia, nikapata harufu.

Mayai viza. Si kidogo.

Nikafikiri ni mjomba. Sahani mbili za mbaazi, mtu wa umri wake, si ajabu. Kwa heshima nikateremsha kioo changu taratibu, kama mtu anayetaka kuangalia mandhari. Mjomba naye akateremsha cha kwake. Akakohoa, akaanza kusifia mikorosho ya upande ule, ambayo kwa kweli haikuwa na la kusifiwa. Nikaona kwenye kioo cha juu Mama Rehema amejifunika pua kwa ncha ya mtandio, na ananitazama mimi kwa jicho ambalo wenye ndoa mnalijua. Nikatikisa kichwa kwamba si mimi. Hakuamini.

Harufu ikazidi. Inatoka nyuma. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, na nikaingiwa na huruma ambayo sijawahi kuwa nayo. Ni mama. Mgonjwa wa watu, ametoka hospitali, amekula mbaazi, na amefungiwa kwenye gari na mkwe wake. Sasa niambieni, kati yenu nani angesema? Mtu huwezi kuuliza habari ya harufu ile mbele ya mama mkwe. Huwezi hata kupiga chafya vibaya. Nikaona jambo la heshima ni kumfikisha haraka, nikakanyaga mafuta.

Kumbe kadiri ninavyokanyaga ndivyo injini inavyoipa umeme ile betri, nayo seli yake mbovu haipokei, inachemka tu.

Baadaye nilikuja kujua kila mmoja alikuwa anafikiri nini. Mjomba alidhani ni mimi. Mama Rehema alidhani ni mimi. Mama mkwe alidhani ni mimi, na amekaa kule nyuma harufu inampanda mgongoni, macho yanamwasha, hilo lenye bandeji na lisilo na bandeji, na anajizuia kwa sababu mkwe hasemwi. Tulikwenda hivyo kwa mwendo mrefu. Mjomba alimaliza habari za mikorosho akahamia kwenye mvua.

Kisha nikasikia sauti nisiyoizoea.

"Baba Rehema."

Nilidhani ni mke wangu. Si mke wangu.

"Baba Rehema," mama mkwe akasema tena, mwenyewe, moja kwa moja, kutoka kiti cha mwisho. "Mimi sijajamba. Kaka yangu namjua tangu tuko watoto, si yeye hii. Mwanangu huyu hapa, si yeye. Kama wewe hujajamba, basi gari lako linaungua. Simamisha."

Nikasimamisha. Nadhani sijawahi kusimamisha gari kwa utiifu namna ile.

Tulipofungua nyuma na kuitoa kanga, betri ilikuwa imevimba mbavu, juu imelowa, inatoa sauti ya kitu kinachokaangwa. Huwezi kuweka mkono. Kanga ya Mama Rehema imetoboka matundu matundu kwa asidi. Nikamwondoa kila mtu, nikachomoa waya mwekundu kwa spana huku nimefunika uso kwa shati, tukaiacha milango yote wazi. Mama mkwe alikaa mbali kando ya barabara, ametupa mgongo. Yule mama alikuwa amekaa na kitu kile nyuma ya uti wake wa mgongo.

Mjomba akaiangalia betri muda mrefu.

"Tulikuwa tunaheshimiana mpaka tufe," akasema.

Bado mlimani

Betri iliponyamaza, nikarudi kuwasha gari. Tik. Basi. Ile betri mbovu ilikuwa imeshaivuta na betri nzima ya mbele, kama Yohana alivyosema. Na Noah yangu ni ya otomatiki, hata mkiisukuma kijiji kizima haiwaki.

Sasa sikilizeni watu wa kule walivyo. Wanawake wawili walikuwa wanarudi shamba na majembe. Wakaona gari limefunguliwa milango yote, mwanamke mzee amekaa chini na kitenge kichwani, mwanamke mwingine analia. Mama Rehema alikuwa analilia kanga yake. Wao wakajua tumefiwa, na maiti imo garini. Mmoja akatua mzigo, akakaa karibu na mama mkwe bila kuuliza lolote, akamshika mkono. Wa pili akaenda akarudi na wenzake na mkeka. Nilipogeuka kulikuwa na watu wamekaa kimya kwa majonzi, na mzee mmoja ananijia ananipa mkono.

"Pole, mwanangu. Nani?"

"Betri," nikasema.

Ilichukua muda kueleweka. Walipoelewa hawakuondoka, walisema maadamu tumeshakaa tukae. Wakaleta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na chumvi yenye pilipili. Tukala. Mama mkwe alipelekewa yake kule alikokaa. Nilimsikia anaongea nao Kimakonde, na wanawake wakacheka, mmoja akanitazama akafunika mdomo. Sikuuliza walichocheka. Ningekufa.

Mtandao ulipatikana upande mmoja tu wa kona, na mjomba ndiye aliyepiga simu. Sikumzuia. Newala ndiko karibu, na Newala tuna mtu mmoja mwenye gari.

Newala, nyumbani kwa mtu

Baba Sauda alikuja na gari jeupe, limeoshwa. Ubaya wa Baba Sauda ni kwamba hana ubaya. Angenicheka ningefarijika. Yeye akanipa pole, akavua saa, akatoa nyaya za kubusti kutoka kwenye mfuko wake maalumu uliopangwa vizuri, akasema, "Usijali mwanyumba, nitatumia hii yangu ya pili, ile kubwa siigusi."

Gari langu likawaka kwa betri yake ya pili. Nataka mlitafakari hilo.

Kisha akamfungulia mama mlango. Mama akapanda gari jeupe, kiti cha nyuma, hewa ya baridi, na Mama Rehema akafuatana naye. Mimi na mjomba tukafuata nyuma tukila vumbi lao. Njia nzima nilikuwa natazama kichwa cha mama kupitia kioo chao cha nyuma, na nilikuwa nasema mambo ambayo mjomba alijifanya hasikii.

Giza lilikuwa linaingia, ikaonekana tulale kwake, twende Mnyambe asubuhi. Nyumba ya vigae. Zainabu alitupikia wali na samaki wa Ruvuma, nikala nikijaribu kuona kasoro, nikaona chumvi imezidi kidogo, lakini kwa kweli haikuzidi. Kulikuwa na chumba kimetengwa karibu na choo, kitanda kipya, chandarua cheupe. Baba Sauda akanionyesha.

"Hiki cha mama," akasema. "Asipate shida ya kutembea na jicho lile."

Nikasema kizuri. Kilikuwa kizuri. Kwetu Masasi nilikuwa nimepanga alale na wajukuu.

Wakati wa dawa ulipofika nikamsikia Mama Rehema anafungua mkoba. Akatoa chupa ya chai. Barafu ilikuwa bado ipo, kachupa ka dawa kamelala juu yake kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa ameiweka mle tangu Masasi. Kwenye friji yangu hakukuwa na kitu kabisa safari nzima.

"Uliniacha nijitambe kwa friji tupu?" nikamuuliza tulipokuwa peke yetu.

"Ulikuwa na furaha," akasema.

Kitangari, kisha Mnyambe

Asubuhi tukaondoka magari mawili, mpangilio ule ule, wao mbele, sasa na Zainabu, sisi nyuma. Kitangari gari jeupe likasimama, mjomba alikuwa na mzigo wa mtu pale. Foleni ya madumu ya maji ilikuwa ndefu, na watu wote waligeuka kuangalia lile gari. La kwangu hawakuligeukia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Zainabu akatoa chupa, ikapita kwenda kwa mama. Nikaona mkono ukiinua chupa mpaka shavuni, kama Idi. Sikuweza kusikia kama alicheka. Nilizima redio nisikie, sikusikia.

Mnyambe kikao kilikaa uwanjani kwa mama. Wanaume upande wetu, mama na binti zake barazani, yeye ametupa mgongo nusu. Mjomba akafungua, akaeleza. Akampa nafasi Baba Sauda, naye akasema kwa adabu: chumba kipo, umeme upo, friji ipo, gari lipo na halitasumbua. Neno hilo la mwisho hakulisema kwa ubaya lakini lilinichoma. Nikapewa nafasi mimi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Masasi. Yote yakanitoka. Nikasema tu kwamba kwangu mama atalala na wajukuu, na kwamba mimi nitafurahi. Nikakaa. Nilijua nimeshindwa.

Mama akanong'ona na Mama Rehema. Mama Rehema akasimama.

"Mama anasema waambieni wakwe zangu, sihami. Anasema zamani mkwe ndiye aliyehamia kwa mkewe, wao walitakiwa kuhamia hapa, wakasamehewa. Sasa wasije kumhamisha yeye."

Wazee wakaangua kicheko, mjomba akapiga paja. Hata Baba Sauda alicheka. Mama akanong'ona tena.

"Anasema kliniki ya jicho atakuwa anakwenda Masasi, na atafikia kwetu. Na atapanda gari la Baba Rehema."

Nilidhani nimesikia vibaya. Baba Sauda naye alidhani hivyo hivyo, maana alisogea mbele.

"Zainabu, mwambie mama gari la mwanyumba jana tu lilikuwa linaungua. Hili langu lina kila kitu."

Safari hii mama hakunong'ona. Alisema kwa sauti, uso ukutani, kwa Zainabu, lakini uwanja mzima ulisikia.

"Mwambie mumeo nashukuru kwa juisi. Na lile gari la Baba Rehema likiniudhi, nitamwambia mwenyewe. Tumeshazungumza. Ila betri iwe moja."

Kikao kikaisha, watu wakaingia kwenye ugali na kisamvu. Mimi nikaenda nyuma kwenye tangi, nikajifanya nakagua saruji. Nilihitaji kusimama mahali. Nikasikia hatua, ni Baba Sauda. Alisimama karibu nami, akapapasa ukuta wa tangi kama mtu anayetaka kununua.

"Mwanyumba," akasema, "mjomba anasema jana mlimani mama alikusemesha. Ni kweli?"

"Kweli."

"Yeye mwenyewe? Si kupitia kwa shemeji?"

"Yeye mwenyewe. Aliniita kwa jina. Mara mbili."

Alikuwa ameshika funguo za gari lake, anazigeuzageuza. Nikamtazama usoni, na nikaujua ule uso. Ndio niliokuwa nao mimi Idi nzima, nikiwa nimesimama mahali pale pale.

"Mimi juisi, mimi mashine ya kusaga, mimi bati la jiko," akasema. "Hata 'toka hapo' hajawahi kuniambia." Kisha akauliza, polepole, kama anayeogopa jibu, "Alisema nini?"

Ningeweza kumwambia. Tungecheka wote wawili pale, na moyo wake ungetulia.

"Ni mambo yetu," nikamwambia, "mimi na mama."

Kwa hiyo nyinyi niliowaandikia, mkikutana naye Newala mpeni salamu zangu, mkae, mnywe juisi yake ya baridi. Akiwauliza hili, hamjui. Ana friji, ana vigae, ana betri mbili zinazofanya kazi. Hili aniachie mimi.